Umerudi Dodoma ila mshahara bado unatoka Ulaya? Soma hii kabla hujaugua na kabla hujaulizwa kodi

Wadau habari zenu. Kila Desemba watu wakija likizo napigiwa simu ya aina moja na watu tofauti, "kaka, bosi kaniruhusu nifanyie kazi nyumbani, narudi jumla, mshahara unabaki ule ule, eti kodi inakuwaje?" Kuhusu hospitali huwa hawaulizi kabisa, hilo wanalikumbuka siku tumbo limeshika. Mi nilirudi 2022 kutoka Birmingham, nakaa Ilazo hapa Dodoma, kazi yangu ni kupima programu za kampuni moja ya kule, naifanyia sebuleni kwa laptopu ambayo ifikapo Agosti kiibodi yake huwa ina vumbi kama barabara ya Nkuhungu. Mengi ya humu nimeyapitia, na mengine nimeyalipia.

Kitu kimoja ukielewe mapema, mengine yote yatakaa sawa. Kodi na bima haziangalii sana hela inatoka wapi, zinaangalia mwili wako umekaa wapi wakati unaitafuta. Hela inaweza kutoka London, ikaingia akaunti ya London, ukaitumia kwa kadi ya London, lakini kama ulikuwa umekaa mtaa wa Kisasa ukiifanyia kazi basi hiyo kazi imefanyika Tanzania.

Anza na mwajiri, tena kwa maandishi

Usirudi kimya kimya. Kuna watu wanaondoka na laptopu ya ofisi wanajifanya bado wako Manchester, mwanga wa dirishani tu unawaumbua kwenye kikao cha video. Shida yenyewe siyo kufumwa. Kampuni ikiwa na mtu anayefanya kazi kwa kudumu nchi nyingine inaweza kuhesabika ina biashara huko na yenyewe ikadaiwa kodi, na ndo maana HR (watu wa utumishi) wanakuwa wagumu. Pia bima ya ajali kazini na bima ya afya ya kampuni nyingi zimeandikwa kwa anayeishi nchi ile. Kwa hiyo andika imeili, sema unahamia mji gani, tarehe gani, kwa muda gani, na waombe wakujibu utakuwa nani kwao: mwajiriwa kama mwanzo, mwajiriwa kupitia kampuni ya kati iliyosajiliwa hapa Tanzania, au mtu wa kujitegemea anayetuma ankara kila mwezi.

Hayo matatu yanatofautiana sana. Ukipitia kampuni ya kati iliyoko hapa ndo raha kuliko zote, wanakukatia PAYE (kodi ya mshahara), wanakuchangia NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ambayo jumla ni asilimia 20 ya mshahara na wewe usikatwe zaidi ya nusu yake, wewe unapokea kilichobaki unalala. Ukibaki mwajiriwa wa kule ambaye hakatwi kitu hapa, kupeleka hesabu TRA ni juu yako. Ukiwa wa kujitegemea unahesabika mfanyabiashara, kuna TIN (namba ya mlipakodi) ya biashara, leseni ya halmashauri unayoombea kwenye mfumo wa TAUSI, na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) pale mauzo yanapofika milioni 200 kwa mwaka, ingawa wahasibu, mawakili, wahandisi na wengine wanaouza huduma za kitaalamu wanatakiwa wasajiliwe bila kuangalia wameuza kiasi gani. Uzuri wake ni kwamba gharama za kazi unazitoa kabla ya kodi: bando, umeme wa ofisi, laptopu kidogo kidogo kwa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Mwajiriwa hana hiyo, mshahara wake unatozwa kodi bila kutoa gharama hizo.

Siku 183 zinavyodanganya watu

Hapa ndo wengi wanaangukia, na mimi nikiwemo. Nilitua Agosti. Nikahesabu kwa vidole, Agosti mpaka Desemba siku hazifiki 183, nikajiambia mwaka huu si wangu, nitaanza kuwaza kodi Januari. Nikakaa zangu kwa amani mpaka nilipoenda kuhuisha TIN, dada wa kaunta akaniuliza maswali mawili tu. "Kaka una nyumba hapa?" Nikamwambia ndio, nimejenga Ilazo. "Familia inakaa hapo?" Ndio, mke na watoto walitangulia tangu mwaka juzi. Akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyejaza jibu la swali la pili kwenye la kwanza. "Basi wewe ni mkazi, siku hazikuhusu."

Na ndivyo sheria ya kodi ya mapato ilivyo. Njia za kuwa mkazi ni zaidi ya moja. Ukiwa na makazi ya kudumu hapa na ukawepo nchini hata sehemu tu ya mwaka, ni mkazi. Kama huna makazi ya kudumu ndo zinahesabiwa siku, 183 au zaidi ndani ya mwaka. Na iko ya tatu ambayo watu hawaijui kabisa: hata kama siku 183 hujafika, wakichukua mwaka huu na miwili iliyopita na wastani wako ukazidi siku 122 kwa mwaka, umeingia. Wale wa miezi minne huku miezi minane kule kila mwaka jihesabuni vizuri.

Mkazi anatozwa kwa mapato yake ya dunia nzima. Na mwaka wa kodi wa hapa ni Januari mpaka Desemba, wa Uingereza ni Aprili 6 mpaka Aprili 5, kwa hiyo ile P60, karatasi ya mwajiri ya jumla ya mshahara na kodi ya mwaka wa kule, haitakusaidia peke yake maana inachanganya miaka miwili ya kwetu. Tunza salari slipu za kila mwezi. Mi nilikuwa nimezifuta, ikabidi nimsumbue HR wiki tatu.

Na hata yule ambaye si mkazi kabisa, amekuja miezi miwili kumuuguza mama yake Kondoa na kazi anaendelea nayo, ule mshahara wa kazi aliyoifanya akiwa hapa chanzo chake kisheria ni hapa, haijalishi umelipwa wapi.

"Lakini kule wanakata tayari"

Najua. Hili ndo swali lenye maumivu kuliko yote kwahiyo tulia nalo.

Tanzania ina mikataba ya kuzuia kodi mara mbili na nchi chache, zikiwemo Afrika Kusini, Kanada, Denmark, Ufini, India, Italia, Norway, Sweden na Zambia. Uingereza hakuna, Marekani hakuna. Bila mkataba bado sheria yetu inakubali kukupunguzia kodi ya hapa kwa kiasi ulicholipa nje kwenye mapato ya nje, isizidi kiwango ambacho ungelipa hapa. Maana yake ile mishahara yangu ya Januari mpaka Julai niliyoifanyia kazi Birmingham, kodi iliyokatwa kule inahesabika. Lakini mshahara wa kuanzia Agosti nimeufanyia kazi Ilazo, siyo mapato ya nje tena, na kama Uingereza wameendelea kuukata basi hiyo nafuu usiitegemee, kadai irudishwe huko huko.

Ndo maana fomu ya P85 ijaze mapema. Ni ya kuwaambia HMRC, yani TRA ya Uingereza, kwamba umehama. Wakishakubali kuwa si mkazi wa kule na kazi yote unaifanyia nje, wanaweza kumwelekeza mwajiri atumie msimbo wa NT, yani asikate kodi ya mapato. Mi niliichelewesha miezi mitano, kwa hiyo miezi mitano nilikuwa nakatwa kule na huku nadaiwa. Hela ilirudi, ila ilirudi ada za shule zikiwa zimeshapita. Na ukiwa unarudi rudi kule kikazi andika siku zako, maana na wao wana kipimo chao cha ukazi na siku unazofanyia kazi kwenye ardhi yao ni zao.

Marekani ni habari nyingine. Kama una pasi yao au green card, unajaza ritani yao (taarifa ya mapato na kodi ya mwaka) popote ulipo duniani, hata ukiwa Mpwapwa. Kuna nafuu kwa anayekaa nje ya Marekani siku 330 ndani ya miezi 12 mfululizo, mapato yake ya kazi hayatozwi mpaka kiwango fulani, cha 2025 kilikuwa dola 130,000, na akaunti zako za nje zikijumlika kuzidi dola 10,000 siku yoyote ya mwaka unatakiwa uziripoti, na hapo hata akaunti yako ya CRDB inahesabika ni ya nje. Ila kama ni Mtanzania tu unayewafanyia kazi kwa ankara ukiwa hapa, wanakupa fomu ya W-8BEN ya kuthibitisha kwamba wewe si wa kule, unajaza, hawakukati. Na wenye green card kumbukeni kukaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudia ni kuihatarisha yenyewe.

Sasa hesabu

Viwango vya PAYE kwa mkazi wa Bara kwa mwezi: mpaka 270,000 hukatwi. Kuanzia hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8 ya kinachozidi. Mpaka 760,000 ni asilimia 20, mpaka milioni moja ni 25, na juu ya milioni moja ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi milioni. Tuseme mshahara wako ukiubadilisha unakuwa milioni 5. Kinachozidi ni milioni 4, asilimia 30 yake ni 1,200,000, jumlisha 128,000, unapata 1,328,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 15,936,000. Ndio, inauma. Lakini linganisha na ulichokuwa unakatwa kule na kodi ya nyumba uliyokuwa unalipa, afu uangalie nyumba nzima ya vyumba vitatu Nzuguni inapangishwa bei gani.

Kwa asiyekatwa na mwajiri malipo ni robo robo. Kufikia mwisho wa Machi unapeleka makadirio ya mwaka mzima, unalipa robo ya kwanza, nyingine mwisho wa Juni, Septemba na Desemba. Kwa mfano wetu kila robo ni 3,984,000. Mwaka ukiisha una miezi sita ya kuleta ritani kamili, yani mpaka Juni 30. Makadirio yanarekebishika katikati ya mwaka, ukipunguziwa saa za kazi nenda karekebishe, usisubiri. Mi kila mshahara ukiingia nahamisha asilimia 27 papo hapo kwenye akaunti nyingine ambayo haina kadi, maana najijua.

Viwango vinaguswa na Sheria ya Fedha ambayo huanza Julai mosi, kwa hiyo kila Juni bajeti ikisomwa hapa mjini na gesti zikijaa, sikiliza na wewe, siyo bei ya bia tu.

Mambo madogo madogo: ubadilishaji wa hela tumia kiwango cha Benki Kuu cha tarehe uliyolipwa, uweke kwenye jedwali tangu mwezi wa kwanza. Akiba uliyokuja nayo si mapato, kuihamisha tu hakuzai kodi, ila tunza stetimenti zinazoonyesha ilikuwepo kabla hujarudi. Riba ya akaunti ya nje ni mapato, itaje. Na kabla ya vyote hivyo namba ya NIDA, bila hiyo TIN hupati wala laini ya simu husajili. Waliokaa nje miaka mingi wengi hawana, basi hiyo iwe safari yako ya kwanza, TIN yenyewe ni bure, mtu akikuomba elfu thelathini ya "kukuharakishia" mwache na elfu thelathini zake.

Kadi ambayo mapokezi hawaijui

Novemba 2022, saa mbili usiku, maumivu upande wa kulia chini ya tumbo. Nilidhani ni mishkaki ya jioni. Saa nne nimejikunja kwenye benchi la hospitali, sitaitaja, mke wangu kashika kadi yangu ya bima ya kampuni, nzuri inang'aa, ina namba ya simu ya saa 24 ya Uingereza. Kijana wa mapokezi akaigeuza mbele nyuma. "Shemeji, hii ni ya wapi? Sisi kwenye mfumo haipo." Mke wangu akapiga ile namba, muziki, muziki, akaja mtu akauliza safari ilianza lini na tarehe ya kurudi Uingereza ni lini. Tarehe ya kurudi! Mtu nimejenga, nina mbuzi.

Kidole tumbo kikatolewa usiku ule, mdogo wangu akaleta hela taslimu usiku usiku. Baadae nikatuma madai, wakakataa kwa sababu mbili. Ya kwanza, bima ilikuwa ya safari ya kikazi isiyozidi siku 30, nami nilikuwa na miezi mitatu. Ya pili, risiti yangu ilikuwa na mstari mmoja tu, "huduma", na jumla chini. Hiyo ya pili ilikuwa inazuilika. Ukilipa hospitali yoyote kwa hela yako omba mchanganuo: dawa, vipimo, kitanda, upasuaji, kila kimoja na bei yake, wagonge muhuri, daktari aandike ugonjwa, na risiti iwe ya EFD au yenye kontroo namba kama ni ya serikali. Uombe siku ile ile, ukirudi wiki ijayo utazungushwa.

Kwa hiyo soma maneno ya bima yako kwa jicho la kutafuta vitu vitatu: nchi unayoruhusiwa kuishi, idadi ya siku, na kama wanailipa hospitali moja kwa moja au unalipa kwanza. Na NHS, yani matibabu ya serikali ya Uingereza, usiihesabu. Ile inakwenda na ukazi, ukishahama moja kwa moja matibabu ya bure mengi yanaisha, siku ukienda kutembea watakushughulikia kwa dharura ila siyo ile ya kuja kupimwa goti. Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, nayo kwa kawaida hailipi nje.

Huku sasa una njia mbili na ukiweza chukua zote. Kuna NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya), makao makuu yao yako hapa hapa Dodoma. Ukiwa mwajiriwa wa kampuni ya hapa mchango ni asilimia 6 ya mshahara na mwajiri anabeba nusu, unaingiza mwenza na wategemezi wanne. Usiye na mwajiri hapa kuna vifurushi vya kujilipia, Ngorongoro Afya na Serengeti Afya, na bei inategemea umri na idadi ya watu. Uliza wazi kipindi cha kusubiri, hasa uzazi na upasuaji, maana bima haikatwi leo ikatumika kesho. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamtaka kila mkazi awe na bima, kwa hiyo hili halikwepeki.

Njia ya pili ni kampuni binafsi, Jubilee, Strategis na wenzao. Hapa kosa la watu wa diaspora ni kuangalia orodha ya hospitali za Dar. Wewe unakaa Dodoma! Omba orodha ya Dodoma, kisha nenda mwenyewe mapokezi ya hospitali mbili tatu uwaulize kama kadi hiyo wanaipokea na saa za usiku pia. Ulizia kama Benjamin Mkapa pale karibu na UDOM imo, maana hapo ndo penye mambo makubwa, moyo, kupandikiza figo, hulazimiki kukimbilia Muhimbili. Mfumo wetu unaanza chini kwenda juu, zahanati, kituo cha afya, wilaya, mkoa, halafu ngazi ya kanda, kwa hiyo ukivuka ngazi usishangae ukiulizwa karatasi ya rufaa. Wenye wazee Chamwino, Mvumi ya misheni ina jina kwa macho toka zamani. Na kama kazi yako inakuzungusha vijijini, angalia uanachama wa ndege za AMREF, ile inakutoa kule barabara isikofika na haikulipii tiba, kwa hiyo ni nyongeza tu.

Kabla hujaondoka kule muombe daktari wako muhtasari wa historia yako na dawa kwa jina la dawa lenyewe, siyo la kampuni, maana boksi litabadilika. Watoto waje na kadi za chanjo. Na malaria: Dodoma ni kame, ipo kidogo, lakini wewe uliyekaa nje miaka kumi kinga ya utotoni imepungua na watoto waliozaliwa kule hawajawahi kuwa nayo. Mkienda Morogoro kwa bibi mkarudi na homa, kapimeni siku hiyo hiyo, msinywe panado mkalale.

Pensheni haraka haraka, mniruhusu. Ukiwa na miaka 10 ya michango Uingereza unapata chochote, 35 unapata kamili, ukiwa na saba au nane ulizia kama bado unaruhusiwa kuchangia kwa hiari kabla hujaisahau. Jua tu kwamba ukiipokelea Tanzania haipandishwi kila mwaka kama kwa wenzako waliobaki, inaganda pale ilipoanzia. Kwa hiyo huku nyumbani jiandikishe mchango wa hiari NSSF, mi nalipa kwa simu tarehe moja kila mwezi, siku ile ile ninayohamisha asilimia 27.